Saa isiyotoboa na kihisi cha chini ya ngozi: kipi kinapima sukari ya mama kweli?

BintiNansio ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za wakati huu.

Ninaishi Igoma hapa Mwanza, lakini mama yangu mzazi yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, na ameishi na kisukari kwa miaka kumi na mmoja. Tangu mwaka juzi anajidunga insulini asubuhi na jioni. Mwezi uliopita mdogo wangu, ambaye ndiye anayelala naye nyumba moja, alimkuta saa kumi na moja alfajiri amelowa jasho hadi shuka, akiitwa anajibu maneno yasiyoshikana, na walipompima kidoleni mashine ilisoma 2.4, yaani sukari ilikuwa imeshuka mno. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, wakamnywesha maji ya sukari taratibu, na baada ya muda akauliza kwa nini watu wamejaa chumbani. Tangu siku hiyo simu ikiita usiku moyo unanipasuka, kwa kuwa kati yangu na yeye kuna mwendo wa saa tatu majini, na usiku meli haipo.

Jambo jingine ni vidole. Ncha za vidole vya mama zimekuwa sugu, zina vidoa vyeusi vidogo vidogo kama za mtu aliyeshona nyavu maisha yake yote, na kuna siku anatobolewa mara tatu ndipo damu itoke. Kwa sababu hiyo ameanza kuruka vipimo, hasa kile cha kabla ya kulala, ambacho ndicho ninachokihofia zaidi.

Sasa yamenijia mambo mawili kwa pamoja. Duka moja la vifaa vya simu hapa mjini linauza saa ya mkononi ambayo muuzaji anasema inapima sukari kwa mwanga, bila kutoboa popote, na kwamba inapima pia presha na mafuta ya damu. Nimeinunua kwa mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, lakini sijaipeleka kisiwani. Wakati huohuo kaka yangu aliyeko nje ya nchi ananiambia kwamba huko wagonjwa hubandika mkononi kihisi kidogo mithili ya kifungo cha koti, chenye ncha inayoingia chini ya ngozi, nacho hutuma kiwango cha sukari kwenye simu usiku na mchana bila waya. Na kwamba vipo vingine vinavyozikwa kabisa ndani ya nyama.

Naomba mnieleweshe kwa utulivu. Kitu kidogo namna hiyo kinaitambuaje sukari katikati ya vitu vyote vilivyomo mwilini, na kinazungumzaje na simu kutoka ndani ya ngozi? Je, saa hii niliyonunua inafanya kazi ileile? Na kama imewezekana kwa sukari, kwa nini tusipate cha figo, cha moyo, au hata cha kichocho kinachotusumbua sisi watu wa mwambao?

FundiVifaaTiba amejibu:

Dada BintiNansio, poleni sana wewe na mama. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, na kazi yangu ya kila siku ni kufungua mashine hizi zinapogoma, kwa hiyo nitajibu upande wa kifaa na kuwaachia wauguzi upande wa mgonjwa.

Nianze na saa, maana hiyo ndiyo yenye hatari ya karibu. Tafadhali isitumike kuamulia dozi ya insulini. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na ikaeleza kuwa kipimo kisicho sahihi kinaweza kumfanya mgonjwa akosee dozi. Mwanga wa kijani ulio chini ya saa hizi unaweza kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu kila pigo linajaza damu kwenye mishipa midogo na damu hiyo inameza mwanga. Glukosi, yaani sukari ya damu, haina rangi ya kujitangaza namna hiyo, na alama yake hafifu inafunikwa na maji, mafuta, jasho na joto la ngozi. Hata waliokuwa na fedha nyingi walikwama katika njia iliyo karibu na hii. Mwaka 2014 Google ilitangaza lenzi ya jicho ya kupima sukari kwenye machozi, yenye chipu na antena nyembamba ndani yake, na mwaka 2018 Verily, iliyorithi mradi huo, iliusimamisha kwa sababu sukari ya machozi haikwenda sambamba na ile ya damu kwa kiasi cha kutegemewa. Ikiwa lenzi iliyokuwa inagusa majimaji ya mwili ilishindwa, saa inayomulika juu ya ngozi ina mengi ya kuthibitisha kabla hatujaiamini.

Kihisi halisi kinafanya jambo moja ambalo saa hiyo haifanyi: kinaigusa glukosi yenyewe. Ncha yake ni uzi laini unaoingia takribani nusu sentimita chini ya ngozi, na uzi huo umepakwa kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidasi. Kimeng'enya ni protini yenye umbo linalopokea kitu mahususi, na hiki kinapokea glukosi na karibu hakuna kingine. Glukosi inapofika hapo inabadilishwa kikemia, elektroni zinaachiwa na kukusanywa na elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, na mkondo mdogo sana wa umeme unapita. Glukosi ikiongezeka, mkondo nao unaongezeka. Wazo lenyewe ni la zamani. Leland Clark na Champ Lyons walilichapisha Marekani mwaka 1962, na hata stripu anayotumia mama inafanya kazi kwa kemia ya ukoo huohuo. Tofauti ni kwamba stripu inakutana na tone moja la damu kisha inatupwa, ilhali uzi wa kihisi unakaa ndani siku 10 au 14 ukipima muda wote.

Kuhusu kuzungumza na simu, hapo ndipo ninapopapenda mwenyewe, kwa hiyo nivumilie. Zaidi ya nusu ya mwili ni maji yenye chumvi, na maji ya namna hiyo humeza mawimbi ya redio, hasa yale ya masafa ya juu. Bluetooth hutumia gigahezi 2.4, karibu sawasawa na tanuri la maikrowevu ambalo kazi yake ni kupasha maji yaliyomo kwenye chakula. Ndiyo maana katika vihisi vya kubandika redio, betri na antena hukaa juu ya ngozi, kwenye kile kifungo alichokisema kaka yako, na uzi peke yake ndio unaoingia ndani. FreeStyle Libre ya kwanza, aina mojawapo ya vihisi hivyo iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2014, haikutumia Bluetooth kabisa: unasogeza kisomaji karibu na mkono, nacho kinavuta vipimo kwa megahezi 13.56, masafa yaleyale ya kadi ya benki ya kugusisha.

Kile kinachozikwa kabisa kinaitwa Eversense. Ni kijiti kisichofika sentimita mbili, ambacho daktari hukiingiza chini ya ngozi ya mkono wa juu kwa mchano mdogo, na hakina betri ndani. Kifaa kinachobandikwa juu ya ngozi ndicho kinachokipa nguvu kwa usumaku unaopenya ngozi. Kijiti kikipata nguvu kinawasha taa ndogo, kemikali iliyo kwenye ganda lake inang'aa kwa kiwango kinachotegemea glukosi iliyopo, mwanga huo unapimwa, na jibu linarudishwa nje. FDA ilikiruhusu mwaka 2018 kwa siku 90, ikaongeza hadi 180 mwaka 2022, na mwaka 2024 ikaruhusu siku 365.

Ukitaka kwenda kina zaidi ya hapo, redio inachoka na sauti inashika nafasi yake. Sisi wa ziwani hatuhitaji kufundishwa sana jambo hili: simu haiiti chini ya maji, lakini watafiti wa samaki huteremsha mawimbi ya sauti kutoka kwenye chombo na kusikiliza mwangwi ili kukadiria sangara na dagaa walioko chini. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michel Maharbiz na Jose Carmena na wenzao walionyesha mwaka 2016 kwamba kifaa kidogo kama chembe ya mchanga, kilichowekwa ndani ya panya, kinaweza kupata nguvu kutokana na sauti isiyosikika na kurudisha habari kwa kuubadilisha mwangwi wake. Mwaka 2021 kundi la Maharbiz lilipima kwa njia hiyo oksijeni iliyomo kwenye nyama ya kondoo aliye hai. Hizo ni kazi za maabara, na kwa ajili ya mama usizisubiri, lakini zinaonyesha mlango ulipo.

NesiWaZamu amejibu:

BintiNansio mdogo wangu, nimehudumu kliniki ya kisukari kwa muda mrefu, na kabla ya kihisi chochote nakuomba jambo moja: ile 2.4 ya alfajiri ni ya kumpelekea daktari wiki hii hii. Mara nyingi ni dozi ya jioni iliyozidi chakula cha jioni, au figo zilizopungua nguvu zikaifanya insulini ikae mwilini kuliko ilivyokusudiwa, na hakuna kihisi kitakachomrekebishia hilo.

Fundi ameeleza vizuri, nami naongezea yale ambayo wagonjwa hugundua wakiwa nyumbani. Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli, na sukari huhama kutoka kwenye damu kwenda huko kwa kuchelewa dakika 5 hadi 15. Mama akiwa ametulia, kuchelewa huko hakuna madhara. Sukari inapoporomoka kwa kasi, kihisi kinakueleza alikokuwa, si aliko. Kwa hiyo akitoka jasho, mikono ikitetemeka, maneno yakaanza kuchanganyika, na kihisi kinasema 5, uaminini mwili wake na mpime kidole. Vilevile mkishampa sukari, vijiko vitatu vya chai kwenye maji, msishtuke kihisi kikiendelea kusoma chini kwa muda. Rudieni kidole baada ya dakika 15.

Kuna kijana mmoja wa shule ambaye mama yake alinipigia simu saa tisa usiku kwamba kihisi kinalia, kimesoma 3.1, naye mtoto amelala fofofo. Nilimwambia apime kidole kabla ya kumwamsha anywe chochote, na kidole kikasoma 7.8. Alipomulika kwa tochi ya simu aliona alama za mkeka zimechorwa kwenye mkono kuzunguka kihisi: mtoto alikuwa ameulalia ule mkono usiku kucha. Nyama ikibanwa namna hiyo majimaji hayafiki vizuri kwenye uzi, nao unasoma sukari iliyo chini ya ile ya kweli. Akabandikiwa kingine nyuma ya mkono wa pili, ule asiopenda kuulalia, na kengele za namna hiyo zikakoma.

Suala la dawa nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu ya sisi tulivyo huku. Elektrodi inavuta elektroni kutoka kwa chochote kinachokubali kuziachia, na baadhi ya dawa hukubali. Katika baadhi ya vihisi, hasa vya matoleo ya zamani, parasetamoli hupandisha kipimo kwa uongo; katika matoleo kadhaa ya FreeStyle Libre, vitamini C ya dozi kubwa, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, hufanya hivyohivyo. Inayonitia wasiwasi zaidi ni haidroksiurea. Kanda yetu ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na dawa hii ndiyo inayowapunguzia maumivu na kuwaokolea damu, lakini kwenye vihisi vya Dexcom inaonyesha sukari iko juu kuliko ilivyo. Mtu akijidunga insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kuanguka. Kwa mgonjwa wa selimundu hata kipimo cha wastani wa miezi mitatu hakiaminiki, kwa kuwa chembe zake nyekundu hazimalizi huo muda, basi kwake kidole kinabaki kuwa shahidi mkuu. Mwenye mtoto wa namna hiyo naomba alichukue hili na kulifikisha kwa daktari wake.

Na vidole vya mama visitobolewe nchani. Tumieni pembeni ya kidole, ambako maumivu ni machache na damu ni nyingi, na mzunguke vidole vyote. Anawe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, akaushe kabisa. Nimeshaona mgonjwa aliyekuwa anamenya embe akapimwa hapohapo, mashine ikasoma 16.2, na baada ya kunawa ikasoma 7.1. Lile embe la kidoleni lilikaribia kumpa dozi ambayo mwili haukuihitaji.

BintiNansio ameandika:

Nawashukuru kwa moyo wangu wote, na nimesoma majibu yenu mara mbili. Suala la embe limenigusa, kwa sababu msimu huu mama anakaa barazani anamenyea wajukuu, na sijawahi kumuuliza kama ananawa. Naona pia kwamba anatumia parasetamoli kwa ajili ya magoti karibu kila jioni. Isitoshe, simu yake ni kitochi, na umeme wa kuchajia ya mdogo wangu si wa uhakika. Je, kihisi kikikosa simu karibu, vipimo vinapotea? Na bado nina kiu ya lile swali la figo na kichocho.

FundiVifaaTiba amejibu:

Kitochi hakiwezi, lakini baadhi ya vihisi huuzwa pamoja na kisomaji chake, kidogo kama simu, ambacho hakihitaji laini wala intaneti. Libre ya kwanza huhifadhi ndani yake vipimo vya saa 8 za mwisho. Mtu akisogeza kisomaji kabla ya kulala na mara tu anapoamka, usiku wote unaonekana kama mstari kwenye kioo. Akipitisha saa 8, zile za mwanzo zinafutika. Matoleo yaliyofuata yana Bluetooth na yanapiga kengele yenyewe sukari ikishuka, ila kisomaji kiwe katika umbali wa mita 6 hivi, yaani chumba kilekile anacholala. Wewe kuona ukiwa Igoma kunahitaji simu janja yenye bando kule Nansio muda wote, na hapo usijiwekee matumaini makubwa. Kengele inayomwamsha mdogo wako aliye hatua tano kutoka kitandani ina thamani kuliko ujumbe unaokufikia wewe uliye ng'ambo ya maji. Kuhusu parasetamoli, mwulize kaka yako jina kamili na toleo la kihisi, maana jibu linatofautiana toleo kwa toleo.

MtafitiChipukizi amejibu:

Swali la kichocho ndilo lililonifanya nijisajili hapa, kwa kuwa ninasoma baiokemia na nimekulia mwaloni.

Glukosi ni molekuli yenye bahati. Kwanza ni nyingi mno: mtu asiye na kisukari, kabla hajala, ana takribani milimoli 4 hadi 6 katika kila lita ya damu. Chukua sasa troponini, protini ambayo msuli wa moyo huivujisha unapoumia. Katika damu ya mtu mzima mwenye afya, kwa kila molekuli moja ya troponini kuna mabilioni ya molekuli za glukosi. Ni sawa na kuambiwa umtafute dagaa mmoja mwenye doa katika shehena zote zilizowahi kushushwa Mwaloni Kirumba, tena umpate usiku huu huu. Bahati ya pili ni kwamba glukosi ina kimeng'enya kinachoipokea, kuibadilisha na kuiachia, kisha kinakuwa tayari kwa nyingine. Protini nyingi hazina kimeng'enya cha namna hiyo, kwa hiyo wanasayansi hutumia kingamwili, nazo hung'ang'ania kile zilichokikamata. Kung'ang'ania huko ni kuzuri kwenye kipimo cha kutumia mara moja na kutupa, lakini kihisi cha ndani kikishajaa hakiwezi tena kukueleza kama kiwango kimeshuka.

Njia mojawapo ya kulitatua hilo ni aptama, yaani vipande vya DNA vilivyoteuliwa ili vijikunje vinapokutana na molekuli fulani na kujikunjua inapoondoka, na kule kujikunja kunabadilisha mkondo wa umeme. Mwaka 2017 kundi la Kevin Plaxco wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, lilifuatilia kwa saa kadhaa viwango vya dawa ndani ya mishipa ya panya walio macho na wanaotembea. Nchini Uswisi, mwaka 2013, Giovanni De Micheli na Sandro Carrara wa Lausanne walitengeneza kipandikizi cha milimita 14 chenye uwezo wa kupima vitu vitano kwa pamoja, kikipewa sehemu ya kumi ya wati kutoka kwenye kibandiko cha juu ya ngozi. Wengine wameingia kwa mlango wa chakula: mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, waliweka bakteria waliorekebishwa ndani ya kapsuli, bakteria hao wakang'aa walipokutana na damu tumboni mwa nguruwe, na kapsuli ikatuma habari kwa redio.

Kinachowakwamisha wote ni mwili wenyewe. Ndani ya dakika chache protini za damu hujibandika juu ya kihisi, baadaye chembe za kinga hufika, na mwisho mwili unakizungushia kovu, kama chaza anavyozungushia kitu kigeni kilichomwingia. Molekuli unayoitafuta inabaki nje ya ukuta huo. Ndiyo sababu vingi vinaishi siku kumi au kumi na nne, na ndiyo sababu ile Eversense hutoa kidogo kidogo dawa ya kutuliza uvimbe mahali ilipozikwa.

Kuhusu kichocho, dada yangu, habari ni njema kuliko unavyodhani. Minyoo ya *Schistosoma mansoni* inaishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo, na kutoka kwenye utumbo wake hutapika molekuli za protini na sukari ambazo huzunguka katika damu ya mtu na kutokea kwenye mkojo. Tayari kipo kipimo kidogo cha mkojo kinachonasa mojawapo, iitwayo CCA, na jibu lake linapatikana kwa dakika 20 hivi. Hapo utaona kwamba molekuli inajulikana na njia ya kuinasa ipo, ila hakuna sababu ya kuiwekea kihisi ndani ya mwili. Minyoo hiyo inakaa miaka. Haibadiliki kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Kikombe cha mkojo na dawa ya prazikwanteli vinatosha, na fedha ya kihisi ingefaa zaidi kwenye choo na maji safi ya mwalo. Figo nazo ni hivyohivyo: kreatinini ya mama, yaani taka ya damuni ambayo figo huichuja, inaweza kupimwa kliniki kila baada ya miezi, na naomba ipimwe kweli, kwa sababu ile aliyoisema Nesi kuhusu insulini kukaa mwilini ni ya kweli. Mimi naamini kihisi cha ndani kinastahili kitu kinachoweza kumwangusha mtu kati ya kulala na kuamka. Sukari ni mojawapo. Lakteti, kemikali inayojaa damuni seli zinapokosa oksijeni, kwa mtoto mwenye malaria kali ni nyingine, na hiyo ningependa kuiona ikipimwa mfululizo wodini kabla sijazeeka.

MzeeWaMwaloni amejibu:

Marahaba wanangu. Mimi ni mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, na nimeshavaa hicho mnachokizungumzia, kwa hiyo niseme upande wa mfuko.

Kihisi cha siku 14 maana yake ni vihisi 26 kwa mwaka. Kijana wangu aliniletea viwili alipokuja likizo, na sikuwa na uwezo wa kununua cha tatu. Hata hivyo sikuona kwamba vimepotea bure. Kwa wiki hizo niliandika kwenye daftari kila nilichokula na kila nilichofanya, na kila jioni mke wangu alisogeza kisomaji tukatazama mstari. Bakuli la uji wa muhogo asubuhi lilinipandisha hadi 15 kabla saa moja haijaisha, na mimi nilikuwa nimeuamini uji huo kuliko chai ya maziwa. Ugali uleule wa udaga, nikipunguza tonge na kuanza na sato na mboga, ulinipandisha polepole na kunishusha polepole. Na kumbe kila Jumatano, siku niliyokuwa nasaidia kupakia magunia, sukari ilishuka saa nane za usiku, muda ambao kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kunipima. Nilimpelekea daktari daftari na mistari, akaibadilisha insulini ya siku za kazi. Cha pili kilibanduka siku ya tisa kwa jasho na kamba ya gunia, kwa hiyo mwenye kazi za mikono afunge kitambaa laini juu yake.

BintiNansio, kama kaka yako ana uwezo wa viwili au vitatu tu kwa mwaka, avilete, na mvitumie kwa kupanga pamoja na daktari. Usikatae kwa sababu huwezi kupata 26.

BintiNansio ameandika:

Shikamoo Mzee, na asanteni nyote.

Nimeona niwarudishie habari. Jumamosi niliivaa ile saa mwenyewe. Kabla ya kula ilisoma 5.6. Nilikunywa soda nzima, nikasubiri dakika 40, ikasoma 5.5. Kisha nikamvalisha jirani yangu ambaye ana kisukari na alikuwa amekosa dawa kwa siku mbili. Kidole chake kilisoma 17.3, na saa ikasoma 5.6. Mwenye duka amekataa kurudisha fedha, na deni la kikundi nitalilipa mimi, lakini saa haivuki kwenda kisiwani.

Mama alipelekwa kwa daktari Jumanne. Dozi ya jioni imepunguzwa, damu imechukuliwa kwa ajili ya figo, na ameelekezwa kutopitisha chakula cha usiku. Kaka anakuja Desemba na vihisi viwili na kisomaji chake, na nimemwomba anitumie kwanza picha ya boksi ili niisome sehemu ya dawa pamoja na daktari. Mpaka hapo tunatumia kidole, pembeni, kila siku saa tatu usiku baada ya kunawa, na mdogo wangu ananitumia namba kwa ujumbe. Ya jana ilikuwa 6.8, kidole cha pete, mkono wa kushoto.